Je, Wajua? Kranberi Ni Kinga, Si Tiba

Kranberi, tunda dogo jekundu na chachu ambalo asili yake ni maeneo ya kinamasi ya Amerika ya Kaskazini, lina kemikali ziitwazo proanthosianidini, ambazo huwazuia bakteria aina ya Escherichia coli, wanaosababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo, wasijishikize kwenye ukuta wa kibofu, na bakteria asiyepata pa kushika hutoka pamoja na mkojo. Maambukizi yakishaanza, hata hivyo, tunda hili halichukui nafasi ya dawa za antibiotiki.

Nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1994 huruhusu virutubisho vya ziada, vikiwemo vya mitishamba, kuuzwa bila kuidhinishwa kwanza kama dawa, Mamlaka ya Chakula na Dawa ilikubali mwaka 2020 kwamba miligramu 500 za kirutubisho cha kranberi kwa siku huenda zikapunguza maambukizi yanayojirudia kwa wanawake wenye afya, ila ikataka ielezwe wazi kuwa ushahidi ni finyu, tahadhari ambayo wauzaji wengi wasingeitamka kwa hiari. Anayetumia warfarini, yaani dawa ya kuzuia damu isigande, amwone daktari kabla ya kununua virutubisho vya kranberi.