Dume au Jike? Uulize Mchanga wa Madete

Msomaji mmoja wa Bagamoyo ameniuliza: yai la kasa likishatagwa, ndani mna dume au jike? Jibu lake ni tamu kuliko nilivyotarajia. Bado hamna lolote kati ya hayo. Mchanga ndio utakaoamua.

Ufukwe wa Madete umejificha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, mahali ambapo nyika inakutana na Bahari ya Hindi. Habari za tembo na twiga wa huko mnazijua. Mimi nataka tuchimbe.

Usiku kasa wa kijani hupanda ufukweni, hufukua shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja, hufukia, kisha hurudi baharini. Haatamii. Nenda ufukwe wowote saa saba mchana: juu mchanga unaunguza nyayo, lakini chimba hadi kiwiko na vidole vitakuta ubaridi wenye unyevu. Huko ndiko yai linakolelewa kwa siku 50 hadi 60. Kasa hana kromosomu za jinsia. Joto likiwa karibu nyuzi 29, watoto huwa nusu kwa nusu, likizidi, majike huongezeka, likipungua, madume.

Nyuzi hizo 29 tuziiteje kwa Kiswahili? Nilifikiria “joto egemeo”, nikaliacha, maana egemeo husimama tuli. Nimechagua “joto mizani”: punje moja tu upande huu, na mizani imeshalala.

Aliyewahi kuvundika ndizi ataelewa upesi. Mkungu hulazwa shimoni, ukafunikwa majani makavu na udongo. Ndizi za katikati huwahi kuiva kuliko za ukingoni, kwa kuwa zenyewe hutoa joto na kupashana. Shimo la juani huwahisha, la kivulini huchelewesha. Mayai ya kasa ni hivyo hivyo: vijusi vikikua hutoa joto, na vilivyo katikati hupata zaidi kuliko vya pembeni. Siku zinazoamua ni theluthi ya kati ya uatamizi. Hapo joto huchochea kimeng'enya kiitwacho aromatasi, nacho hugeuza homoni za kiume kuwa za kike.

Uhusiano huu wa joto na jinsia ulionekana kwanza Afrika: mwaka 1966 Madeleine Charnier aliueleza akiwa Dakar, kwa mayai ya mijusi.

Kiwango cha joto mizani hutofautiana kidogo pwani kwa pwani. Lakini mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa kaskazini mwa miamba ya matumbawe ya Australia, asilimia 99 ya kasa wachanga waliopimwa ni majike. Mchanga umepata moto.

Basi wewe mwenye kiwanja ufukweni, kuanzia Bagamoyo hadi Mkwaja, usifyeke vichaka vyote vilivyo nyuma ya mchanga. Madume hutoka kwenye mashimo ya kivulini.