Wilson Airways na Barua za Pwani

Wilson Airways ilikuwa kampuni ndogo ya ndege iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mjane mlowezi, pamoja na rubani Tom Campbell Black. Ndege yake ya kwanza, Gipsy Moth, ilikuwa na injini moja, na zaidi ya rubani ilimchukua abiria mmoja tu, naye alikaa wazi, upepo ukimpiga usoni.

Kampuni hii hukumbukwa zaidi kwa marubani wake mashuhuri na safari za matajiri. Sifa hiyo inaficha kazi yake kubwa, nayo ni barua. Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, na mwaka uliofuata ikafika Cape Town kwa kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Njia hiyo ya bara iliiacha pwani kando. Wilson Airways ndiyo iliyoziba pengo, kwa kuiunganisha Nairobi na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam.

Kwa watu wa Korogwe na Handeni, kituo cha karibu katika njia hiyo kilikuwa Tanga. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe tangu mwaka 1902, ikapita katikati ya mashamba ya mkonge. Handeni haikupitiwa na reli, hivyo mzigo wake ulianza safari kwa barabara. Mkonge wenyewe haukupanda ndege: marobota ni mazito mno kwa bei yake, na yalikwenda kwa meli. Karatasi za biashara ni jambo jingine. Hazina uzito, lakini zikichelewa zinaweza kumgharimu muuzaji soko. Ndiyo maana ndege ndogo ingeweza kuwa na faida mahali ambapo abiria walikuwa wachache.

Baadaye kampuni ilitumia Dragon Rapide ya de Havilland, ndege ya injini mbili yenye bawa la juu na la chini. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao, mabawa yakavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Ilichukua abiria kati ya sita na wanane na haikuhitaji kiwanja cha lami. Uwanja wa nyasi uliosawazishwa vizuri ulitosha.

Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege na wafanyakazi wake walichukuliwa kwa kazi za kijeshi, na kampuni haikufufuka. Uwanja wake wa Nairobi West ulipewa jina la Wilson mwaka 1962. Huduma za kanda zilirithiwa na East African Airways, shirika la umma la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lililoanza mwaka 1946 kwa ndege za aina ile ile ya Dragon Rapide na kusambaratika mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika.