Oili Kwanza, Farasi Baadaye

Katika uwanja wa Whistling Morans, Athi River, siku ya mashindano huhitaji kuulizia Subaru zimeegeshwa wapi; masikio yatakuelekeza. Siku ikiharibika, kufikia saa nane mchana mojawapo inapakiwa kwenye brekidauni, mwenyewe pembeni anaongea na simu kwa sauti ya chini. Muulize amebadilisha nini: ekzosi, turbo kubwa, rimu. Oili je? Ilimwagwa juzijuzi tu, atasema.

Hapo ndipo huwa naishiwa na subira. Impreza ya zamani haijawahi kupungukiwa na nguvu. Inakufa kwa kukosa oili.

Sifa zake ilizipatia papa hapa. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akaileta tena ya kwanza mwaka 2000. Ila magari yale yalikuwa na kikosi kizima cha mafundi cha kuyafungua na kuyafunga upya. La kwako halina. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Impreza ya miaka ya 1990 unayoiona leo imekula vumbi letu kwa muda mrefu, na huenda injini iliyomo ni ya mtumba kutoka Japani, iliyonunuliwa Kirinyaga Road bila mtu kujua ilitumiwaje huko ilikotoka.

Basi pima kwanza. Fundi atoe plagi zote nne apime kompresheni. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo geji itasoma pungufu kwa takriban moja ya tano ya namba zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Wengi wameambiwa wanunue injini mpya kwa sababu ya kosa hilo tu. Linganisha silinda kwa silinda. Tatu zikikubaliana na moja ikabaki nyuma, pana ugonjwa, na kwa injini hizi mara nyingi mgonjwa ni silinda namba nne.

Filta kuukuu ya oili nayo isitupwe. Ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juu ya gazeti, ikamuliwe, iangaliwe juani. Chembe zinazonaswa na sumaku ni chuma, na nyingine ni za msumeno uliotumika kukatia. Zinazoikataa sumaku, zenye rangi ya fedha au shaba, ndizo za kutisha: hizo zinatoka kwenye beringi. Ukiziona ahirisha mbio, maana kinachofuata ni injini kunoki, na konrodi iliyotoboa bloku haina fundi.

Kwa nini beringi? Injini hii imelala, silinda mbili kushoto na mbili kulia. Kwenye kona ndefu ya kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, na iliyokwisha panda kwenye vichwa vya silinda inachelewa kushuka. Mrija wa kufyonzea ukikosa oili hata kwa sekunde moja, pampu inavuta hewa, kama mtoto anayemalizia soda. Tena mrija wenyewe wa kiwandani unajulikana kwa kupata ufa kwenye kiungo chake, na ufa huo hauonekani mpaka sampu ishushwe. Mrija ulioimarishwa, pamoja na sampu yenye kuta za kuzuia oili isiyumbe, ndio ununuzi wangu wa kwanza. Hauongezi hata farasi mmoja, na hakuna rafiki atakayeusifu.

Wa pili ni geji. Dashibodi ya Impreza haikuonyeshi shinikizo la oili. Ina taa nyekundu, nayo inawaka shinikizo likishakaribia sifuri, wakati wa matanga. Kanuni ya mafundi wengi ni paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000, oili ikiwa moto. Na ijae hadi alama ya juu. Upungufu wa nusu lita unaovumilika ukienda kazini hauvumiliki uwanjani.

Mkanda wa taiming usiojulikana umri wake ubadilishwe pamoja na roli zake, kwani ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Wakati umetoka, pampu ya oili iko palepale mbele yako: itolewe, skrubu za bamba lake la nyuma zikazwe, kwa kuwa zina tabia ya kulegea.

Upande wa maji, kumbuka tena mwinuko. Athi River maji yaliyo wazi yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Limuru hayafiki hata hapo. Kinachookoa gari ni kifuniko cha rejeta, ambacho kikiwa kizima kinabana kwa bar 1.1 hivi na kuusukuma mchemko kupita digrii 115. Mpira wake ukichoka, gari linachemsha. Kinunue kipya, na rejeta yenye matangi ya plastiki yaliyozeeka ibadilishwe. Fundi akikushauri utoe themostati, mshukuru, kisha uiache ilipo: kuitoa kunaficha ugonjwa, hakuutibu.

Petroli nayo. Turbo hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani yenye oktani karibu 100, na ya kawaida ya huku haifiki hapo. Mchanganyiko ukilipuka kabla ya wakati wake, pistoni inavunjika kati ya ringi na ringi. Tia petroli bora unayoipata, kompyuta ya injini ipangwe kwa petroli hiyo, na shinikizo la turbo liachwe lilivyo.

Siku ya kwanza piga mizunguko michache ya kasi, mmoja wa polepole wa kupoza turbo, urudi usome geji. Oili ikipita digrii 130, siku yako imekwisha mpaka ufunge kipoza oili. Ukifika nyumbani imwage, hata kama ilikuwa na wiki moja.