Mtoto Asiyetulia: Je, ni Utukutu au Anahitaji Msaada?

Wapo watoto ambao tangu jogoo wa kwanza hadi usiku hawatulii. Umemtuma mtoto kuchota maji. Baada ya saa nzima unaikuta ndoo njiani, naye yuko juu ya mwembe anatafuta kiota cha ndege. Umempa mbuzi achunge, mbuzi wamo katika mahindi ya jirani. Shuleni hujibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, na daftari lake lina hesabu nyingi zilizoanzwa, zilizokwisha ni chache. Mtoto wa namna hii hupewa majina mengi: mtukutu, hana akili, amerogwa, ana mapepo. Majina hayo ndiyo yanayomletea fimbo, na baada ya fimbo mara nyingi huachishwa shule.

Watoto wote hucheza na kusahau. Mtoto wa miaka minne akiketi kimya saa nzima, mimi ningempima homa. Kwa hiyo tusikimbilie kusema kila mtundu ni mgonjwa. Watu wa afya huangalia kama hali hiyo imedumu miezi 6 au zaidi, kama ilianza kabla mtoto hajafika miaka 12, na kama inamzuia kusoma au kuishi vizuri na wenzake. Tena ni lazima ionekane mahali zaidi ya pamoja. Kama ametulia nyumbani, kwa bibi yake na msikitini au kanisani, lakini hatulii mbele ya mwalimu mmoja tu, basi chanzo kitafutwe huko darasani.

Madaktari huiita hali hii kwa herufi nne, ADHD. Si jambo jipya. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wa namna hii. Duniani hukadiriwa kwamba katika watoto 100, kama 5 hivi wanayo. Wavulana huonekana zaidi, lakini wasichana pia wanayo. Wengi wao hawarukiruki. Huketi kimya huku mawazo yako mbali. Kwa kuwa hawasumbui mtu, hakuna anayewaleta zahanati.

Hali hii hutokana na jinsi ubongo unavyokua na kufanya kazi, na mara nyingi hurithiwa. Baba akiulizwa vizuri, huenda akakumbuka kwamba naye alikuwa hivyo hivyo. Haitokani na mama kumdekeza mtoto, wala kula sukari. Wala si kosa la mama kwa sababu alikanyaga kitu alipokuwa mjamzito. Watoto waliozaliwa njiti huipata zaidi kuliko wengine.

Hata hivyo, yapo mambo mengine yanayofanana na hali hii, na hapa ndipo zahanati yako inapoweza kukusaidia sana. La kwanza ni masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni huenda hasikii unapomtuma, nawe unadhani ni mkaidi. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ndogo, uone kama atageuka. Macho nayo yapimwe, kwa maana asiyeona ubao hawezi kuutazama. Kuna pia kifafa ambacho mtoto haanguki wala hatetemeki: huduwaa kwa sekunde chache, macho yamekodoa, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mtoto mwenye njaa, safura, au asiyelala vya kutosha naye hashiki masomo. Na anayepigwa kila siku nyumbani hukaa na woga, akishtuka kila mlango unapofunguliwa.

Mweleze pia mganga kama mtoto aliwahi kuugua malaria ya ubongo iliyompotezea fahamu. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba, miaka 2 baada ya kuugua, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kukumbuka, kufikiri au kuwa makini. Tena, dawa ya kifafa iitwayo fenobabitoni huwafanya baadhi ya watoto wasitulie kabisa. Ukiona hivyo usiiache ghafla, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kumwua. Rudi ulikopewa, wakuangalizie dawa nyingine.

Mama mmoja aliniambia, "Mganga mwanangu, mchome basi hiyo sindano ya kumtuliza, nimechoka." Nikamjibu, "Shikamoo mama, kwanza keti. Sindano hiyo haipo." Hakuna pia kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoonyesha ADHD. Hujulikana kwa mazungumzo marefu na kwa kumtazama mtoto. Kwa hiyo uendapo, chukua kadi yake ya kliniki, daftari zake za shule, na maelezo ya mwalimu yaliyoandikwa. Baba naye aende. Sisi wa zahanati hatukati shauri hili peke yetu. Tunaandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko mtoto anaweza kupelekwa kwa madaktari wa akili katika hospitali kubwa kama Bugando au Muhimbili. Usione haya kwa neno "akili". Kwenda huko si kusema mtoto ni mwendawazimu.

Dawa ipo, inaitwa methilifenideti. Huandikwa na daktari bingwa, kwa kawaida kwa mtoto aliyetimiza miaka 6, na inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, kwa hiyo uzito wake hupimwa mara kwa mara. Usimpe valiamu wala dawa ya mafua ili asinzie. Huko ni kumlewesha.

Kazi kubwa iko nyumbani, na haina gharama. Mwite kwa jina, akutazame, umtume jambo moja tu. Ukimwambia afagie, alishe kuku, kisha alete kuni, atakumbuka la kwanza. Akilimaliza, msifu papo hapo, si jioni. Kula, kusoma na kulala kuwe na saa zile zile kila siku. Mwombe mwalimu amweke mbele, mbali na dirisha, na amtume kufuta ubao ili anyooshe miguu. Fimbo haimfundishi, maana hakosi kwa kutojua. Hutenda kabla hajafikiri.

Kwa sababu hiyo hiyo huumia kuliko wenzake. Kisima kifunikwe, sufuria ya moto isiachwe chini, na njia ya shule ikivuka barabara kuu, mkubwa amvushe hata kama wenziwe wa rika lake wanavuka wenyewe.