Dua na Daktari: Nafasi ya Imani Katika Ushauri Nasaha

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Katika mji wetu wa Ujiji na mwambao wa Tanganyika, mtu akielemewa na huzuni au wasiwasi, mara nyingi humwendea shehe kabla ya hospitali. Hilo si kosa. Kosa ni kumlazimisha achague: ama dua, ama daktari. Mtume (s.a.w.) aliomba dua na akahimiza watu wajitibu. Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya mwili na ya nafsi, akieleza tiba ya hofu, hasira, huzuni na wasiwasi.

Mtu binafsi. Wapo wanaodhani huzuni ni dalili ya imani haba. Wakumbushwe Nabii Yaaqub (a.s.), aliyelia mpaka akapofuka, naye ni Nabii. Swala na dhikri vimtulize mgonjwa, na ruqya ya kisharia inafaa, ila isimwachishe dawa. Anayezungumzia kujiua apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wanandoa. Suratun-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza ateuliwe msuluhishi kutoka upande wa mume na mwingine upande wa mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka, isipokuwa katika hali maalumu, mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Lakini subira isitumiwe kumrudisha mke kwenye kipigo. Usalama wake hutangulia suluhu.

Familia. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita Kongo. Vita huacha familia zilizofiwa bila kuzika. Katika madhehebu ya Shafii, maiti aliye mbali huswaliwa swala ya ghaibu. Jamaa wakiswali pamoja, kisha wakakaa na mshauri wakamzungumza marehemu wao, msiba uliokwama hupata njia.

Tunawausia washauri: mwulizeni kwanza mhusika kama anataka dini iingie katika mazungumzo, na tunzeni siri yake. Asiyesoma fiqhi asitoe fatwa. Asiyesoma utabibu asimwachishe mtu dawa. Shehe na daktari wajuane, kila mmoja ampeleke mgonjwa kwa mwenzake inapobidi.

Wallahu a'lam.