Vyura wa Kihansi: Akiba Haiozi, Lakini...

Wahenga walisema akiba haiozi. Mara nyingi tukitamka maneno hayo huwa tunafikiria fedha, au chakula kilichomo ghalani. Katika mazungumzo ya leo tuyatazame kwa upande wa wanyamapori, na mfano wetu ni kiumbe ambaye wengi tumewahi kumcheka: chura wa Kihansi.

Chura huyu ni mdogo mno. Hata akikomaa hafikii urefu wa sentimita 3. Rangi yake ni ya manjano, na tofauti na vyura wengi tunaowajua, yeye hatagi mayai bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, wakati ujenzi wa mradi wa umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 tu, zilizoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko.

Umeme tuliuhitaji, na tunauhitaji bado. Lakini mitambo hiyo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yaliacha njia yake ya asili. Manyunyu yakafifia. Mwishoni mwa mwaka huo vyura wapatao 500 walikamatwa, wakasafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku nyuma, korongoni yakafungwa mabomba ya kurusha manyunyu ya bandia.

Wapo waliouliza, kulikuwa na haja gani ya kuwapandisha vyura ndege? Jibu halikuchelewa. Katikati ya mwaka 2003 korongo lilikadiriwa kuwa na vyura wapatao 20,000. Januari 2004 walionekana wasiozidi 5. Wataalamu walikuta ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi, ambao umeangamiza vyura katika nchi nyingi. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki duniani ni wale wa ughaibuni tu.

Hata huko kazi haikuwa nyepesi. Vyura wengi walikufa kwa minyoo ya mapafu na maradhi mengine, hata wakabaki chini ya 100. Watunzaji walilazimika kujifunza upya kila kitu: taa zenye mionzi kama ya jua, unyevu, na wadudu wadogo wa kuwalisha. Taratibu wakaongezeka, Bronx na katika bustani ya Toledo, Ohio. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Dar es Salaam, wakatunzwa Chuo Kikuu. Mwaka 2012 wapatao 2,500 wakarudishwa korongoni.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba kizimba kinatosha. Ndugu zetu wa Oman wana kisa chao. Choroa wa Arabuni aliangamizwa porini mwaka 1972, lakini kundi lililokuwa limezalishwa Phoenix, Marekani, liliwezesha arudishwe jangwani Oman mwaka 1982. Kufikia 1996 walikuwa kama 450. Kisha majangili wakaingia, na mwaka 2007 walibaki 65. Serikali ilikuwa imepunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, na UNESCO ikaliondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mnyama alikuwa ameokolewa, lakini nyumba yake haikulindwa.

Hilo ndilo la kuzingatia. Kuzalisha wanyama vizimbani hutupatia muda, basi. Kihansi ule ukungu haujatoka, na manyunyu yanategemea mabomba. Bomba likiziba na asiwepo wa kulizibua, safari yote ya New York itakuwa kazi bure.

Aidha, tukumbuke kwamba chura huyu alijulikana baada ya ujenzi kuanza. Kuuchunguza mto kabla ya kuuzuia ni gharama ndogo kuliko kuwalea viumbe wake ughaibuni kwa miaka 10. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na tukishaujenga ukuta wenyewe, hapana budi tuutunze.