Kasiksi ya Kasugho: nyumba ya zamani yenye haina kibao

Ku barabara kubwa ya Butembo vibao haviishe kuhesabiwa. «Ets» huyu, «Maison» yule, na nyuma ya jina mara nyingi kuko maneno mafupi: «& Fils». Kibao kinataka kusema nyumba ni ya zamani, baba aliianzisha, watoto wanaume njo wanaiendesha. Wasomaji wengi watatuambia kama nyumba ya divai yenye kupita miaka mia, ya familia moja, ni mambo ya Wazungu, na kama huku kwetu haiko. Sisi tunafikiri iko. Ile yenye inakosekana ni kibao.

Tuchukue Kasugho, kule magaribi ya Lubero, karibu na pori ya Tayna. Watu wa mbali wanaijua juu ya sokomutu na juu ya chuo kikuu cha kulinda asili. Lakini kule, sawa vile mu vijiji vingi vya Lubero na Beni, kuko milango yenye kila mutu anajua. Hakuna maandiko juu yake. Kuko jani la mugomba lenye kutundikwa inje, ao bidoni yenye kugeuzwa kichwa chini, na mupita njia anajua kama leo kasiksi imeiva. Akiuliza nani anauzisha, watamuambia: ni kwa mama fulani, na mbele yake ilikuwa kwa mama-mukwe wake, na mbele yake tena kwa koko. Ile njo tunaita nyumba ya zamani.

Tuseme kwanza namna kazi inafanyika, kwa sababu watu wa muji wanakunywa bila kuuliza. Haiko kila ndizi yenye kutoa pombe. Kuko aina zake, zenye kukamuliwa, na hizo zinapandwa mbali na ndizi za kupika. Wanakata mikungu ikiwa imekomaa lakini ingali kijani. Wanachimba shimo, wanawasha ndani majani makavu ya mugomba ili udongo upate moto, wanatandika majani mabichi, wanapanga ndizi, wanafunika. Kisha masiku ine ao tano ndizi zimeiva zote pamoja, na ile «pamoja» njo ufundi wenyewe. Wanamenya, wanatia mu mutumbwi wa muti, wanakamua na majani makali mupaka maji matamu yanatoka. Ukikunywa ile siku, ni juu ya watoto. Ukiongeza maji kidogo na unga wa mutama wenye kukaangwa, ukafunika na majani, ukaacha mahali pa moto siku moja ao mbili, inakuwa kasiksi. Ukipunguza maji, inakuwa kali kuliko bia ya chupa.

Hapa njo biashara hii inatofautiana kabisa na ile ya Ulaya. Muuza-divai wa kule anaweka chupa mu shimo la nyumba miaka kumi, na bei inapanda akiwa amelala. Mama wa kasiksi iko na masiku matatu, mara ine. Kisha pale inakuwa siki, na pesa inamwangika. Basi akili yake yote iko mu kuhesabu: soko ni siku gani, ndoa ni siku gani, kilio kiko wapi, nani ataleta deni yake, mikungu ngapi ikatwe leo ili ifike Jumamosi. Hakuna kitabu. Anahesabu kwa kichwa, na mwenye kukaa pembeni yake miaka mingi njo anajifunza.

Nani anakaa pembeni yake? Kwetu shamba linafuata mutoto mwanaume. Migomba ni ya baba, kisha ya kijana wake. Binti anajifunza kazi tangu akiwa mudogo, anachota maji, anapeleka kikombe kwa wageni, anajua ladha. Kisha anaolewa kwa mbuzi zenye kuhesabiwa, na anakwenda na ule ujuzi kwa watu wengine. Migomba inabakia. Muke wa kijana anaingia, na mama-mukwe anaanza kufundisha upya. Kwa hiyo nyumba ya kasiksi inapita kutoka mwanamuke kwenda kwa mwanamuke mwenye si wa damu yake. Wataalamu wa mambo ya familia wanaweza kuandika kitabu nzima juu ya mikutano ile ya jikoni, yenye haiko mutamu kila siku. Lakini pesa ya masomo ya watoto imetoka kule, kila mutu wa hapa anajua.

Sasa, juu gani divai yenyewe, ile ya zabibu, haikupata nyumba ya namna ile kwetu? Jibu ni rahisi: tulikatazwa. Mapatano ya Saint-Germain-en-Laye ya mwaka wa 1919 yalifunga biashara ya pombe kali mu sehemu kubwa ya Afrika, na mu Congo ya Wabelgiji Mukongomani hakuwa na ruhusa ya kujinunulia divai ao pombe kali mupaka miaka ya 1950. Bia tu. Bralima ilianzishwa Léopoldville mu 1923, na Primus yake ilianza kukunywewa mu 1926. Divai ilikuwa ya Muzungu wa serkali, ya mukubwa wa plantasio, ya muuza duka Mugiriki, na ya padri ku altare. Ile ya padri ingali ya inje mupaka leo, maana sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka divai ya misa itoke ku muzabibu. Kasiksi, hata ikuwe safi namna gani, inangojea inje ya mulango wa kanisa mupaka misa iishe. Pale inapata watu wengi.

Kisha ikafika tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza kama maduka na plantasio za wageni zinapita mu mikono ya Wazaïrois. Mu miji mingi ya inchi duka zenye kuuzisha chupa za Ulaya zilibadilisha bwana kwa siku chache, na nyingi kisha miaka kidogo zilikuwa rafu tupu. Watu wa Butembo walijenga muji wao hasa na nguvu ya wenyewe, kwa kahawa, mboga, na barabara ya Kasindi. Mu ile vurugu yote, mulango wa mama wa kasiksi haukuguswa. Hakuna mutu anaweza kuzaïrianiser kitu chenye hakijaandikwa fasi yoyote.

Tunasema hivyo na kicheko kidogo, lakini kutoandikwa kuko na bei yake, na sheria iko ndani. Kitabu cha sheria ya familia cha mwaka wa 1987 kilisema muke mwenye kuolewa anapashwa kupata ruhusa ya bwana wake kwa matendo ya sheria yenye kumufunga yeye mwenyewe, sawa vile kusaini mapatano. Mawazo yale yalitoka mbali, ku sheria ya Napoléon ya 1804 yenye Wabelgiji walituletea. Wasomaji wenye kupenda champagne wanajua jina la Veuve Clicquot. Barbe-Nicole Clicquot alichukua nyumba ya divai ya Reims mu 1805, kisha kifo cha bwana wake, na aliweza kwa sababu alikuwa mujane. Mu sheria ile ile, muke mwenye bwana muzima alihitaji ruhusa yake. Na kule London, nyumba ya Berry Bros. & Rudd, yenye inauzisha divai mupaka leo, ilianzishwa mu 1698 na mujane mumoja, Bourne; wanajua jina la familia ya bwana wake, lakini jina lake mwenyewe halionekane. Kibao kikabakia na majina ya wanaume. «& Fils», kumbe, haianzie Butembo.

Kwetu, sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ile ruhusa ya bwana. Mama wa Kasugho anaweza leo kusaini, kufungua konti, kuomba patente kwa jina lake. Sisi tunaona ile mabadiliko ni kubwa kuliko kiwanda chochote chenye kingejengwa hapa. Lakini sheria yenye kuandikwa kwa Kifaransa na kuwekwa mu ofisi ya mbali haitembee peke yake mupaka mu kijiji.

Wakati huu viwanda navyo vinatikisika. Mu Juni 2025 Heineken, mwenyewe Bralima, alitangaza kama amepoteza usimamizi wa mali yake Goma na Bukavu juu ya vita. Barabara ya kusini ya Lubero ilifungwa vipande vipande tangu Kanyabayonga ianguke mwishoni mwa Juni 2024. Mutu angefikiri kama sasa kasiksi itashinda. Haiko hivyo. Fasi ya bia imechukuliwa na vichupa vidogo vya pombe kali ya bei ya chini, yenye kijana anaweka mu mufuko na kumaliza mbele ya saa tatu asubui. Uganda ilikataza pombe ya mifuko ya plastiki mu 2019, Tanzania mu 2017.

Na adui mwengine yuko mu shamba lenyewe. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria, ulionekana Congo mara ya kwanza mu 2001, kule Masisi. Unapenda hasa ndizi za pombe, maana wadudu wanaubeba kupitia ua la chini la mukungu. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukipasua ndani ni rangi ya kahawia. Maji yake hayakunyweke. Wenye kujua wanavunja ile ua na kijiti chenye panda, bila kisu, na wanapitisha panga mu moto kati ya mugomba na mugomba. Kazi ni nyepesi kusema, lakini inataka jirani naye afanye, na jirani mara nyingi amekimbia vita.

Wenye walichelewa waling'oa shina nzima. Pale wanapashwa kungojea karibu miezi sita mbele ya kupanda, kisha mwaka moja na nusu, mara mbili, mbele ya mukungu wa kwanza. Wakati ule mama ananunua ndizi za watu kwa bei ya soko, anatia bidoni moja fasi ya ine, na jani la mugomba linatundikwa inje mara moja tu kwa juma, ili wateja wasisahau mulango.